MWANAFUNZI WA BIASHARA NA HESABU ISIYOANDIKWA DAFTARINI

Watu wengi wakisikia kwamba kijana fulani anasomea biashara katika Chuo Kikuu, wazo la kwanza linalowajia ni duka, na la pili ni benki. Wazazi wake hujiona wamekwisha kuvuka mto. Askari aliyeko lindo usiku, akikumbuka kwamba mwanawe wa kwanza yuko mwaka wa pili katika kitivo cha uchumi na usimamizi, huona kwamba baridi ile ina malipo yake. Si wazo baya. Lakini yatupasa, sisi tunaolipa karo, kujiuliza kijana huyo anafundishwa kuhesabu nini hasa.

Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianzishwa mwaka 1964, nacho baadaye ndicho kilichokuwa Chuo Kikuu cha Burundi. Tangu mwaka 2000 vimeongezeka vyuo vya watu binafsi, kama vile Chuo Kikuu cha Lumière, na karibu vyote hufundisha usimamizi wa biashara. Sababu yake haijifichi: somo hilo halidai maabara wala vyombo vya gharama. Ubao, chaki na mwalimu vyatosha. Kijana huandika aliyosomewa, huyakariri, huyarudisha siku ya mtihani, hupewa shahada ya kwanza. Hutoka akijua mizania, riba na ushuru, na hayo yote ni ya lazima, kwani wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Walakini zipo gharama ambazo daftari la mfanyabiashara mmoja haliwezi kuzionyesha, kwa sababu hulipwa na mtu mwingine, mahali pengine, na pengine baada ya miaka 20. Mchoma makaa hulipa kodi, gunia na usafiri. Halipi udongo ulioporomoka kutoka kilimani baada ya miti kuondoka. Mwenye kiwanda hulipa maji yaingiayo. Yatokayo na uchafu huyaachia ziwa. Kumfundisha mwanafunzi aziandike gharama hizo, kisha abuni biashara inayozipunguza na bado ikajilipia, ndilo somo ambalo siku hizi huitwa ubunifu wa kijamii na maendeleo endelevu.

Neno hilo «endelevu» limetumiwa sana hata limechakaa. Lilipata nguvu duniani mwaka 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway ilipotoa taarifa yake juu ya mazingira na maendeleo. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ukatoa kanuni za kuziongoza shule za biashara zifundishe uongozi wenye kuwajibika kwa jamii. Askari hahitaji kusoma taarifa hizo ili aelewe. Kikosi kilichopewa posho ya siku saba za doria kikaila kwa siku nne kinajua vyema maana ya jambo lisiloendelea.

MWALIMU ALIYETOKA DARASANI

Mfano unaosimuliwa mara nyingi ni ule wa Bangladesh. Mwaka 1974 nchi hiyo ilipatwa na njaa kubwa. Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, aliona aibu kuendelea kufundisha nadharia nzuri ilhali watu walikuwa wakifa barabarani. Akawachukua wanafunzi wake mpaka kijiji cha Jobra, hatua chache tu kutoka chuoni, wakaanza kuuliza: nani anadaiwa, anadaiwa na nani, na kiasi gani? Walikuta watu 42 waliofungwa na madeni ya walanguzi, na madeni yao yote yakijumlishwa hayakuzidi dola 27 za Marekani. Mwanamke aliyetengeneza vigoda vya mianzi hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosa fedha kidogo tu ya kununulia mianzi, basi ikambidi akope kwa mtu yule yule aliyemnunulia vigoda, tena kwa bei aliyoitaka mnunuzi. Kutokana na daftari lile la wanafunzi, mwaka 1976, ndipo ulipoanza mpango uliozaa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 Yunus na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba mkopo mdogo ni dawa ya kila ugonjwa. Katika nchi nyingi umewatia watu madeni mapya. Jambo la kujifunza Jobra ni ule mwendo wa kutoka darasani. Wanafunzi wa uchumi walipita karibu na kijiji kile kila siku, na hapakuwa na aliyewahi kuwaambia kwamba kijiji nacho ni kitabu.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Hope Africa, kilichoanzia Nairobi kisha kikahamia Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 2000, kimejulikana kwa desturi ya kuwataka wanafunzi wafanye kazi za mikono sambamba na masomo. Wapo wanaoicheka desturi hiyo. Sisi tuliopitia shule ya makadeti hatuicheki, kwani tulishikishwa ufagio miezi mingi kabla ya kukabidhiwa kikosi, na aliyewahi kufagia uwanja hujua uchafu unatoka upande gani.

SOKO NA MAJI

Je, mwanafunzi wa Bujumbura atoke aende wapi? Jiji letu lina mafunzo yaliyoandikwa kwa moto na kwa maji.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea. Askari na polisi wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwapo, wengine wakizuia wezi, wengine wakibeba magunia, na helikopta zikaletwa kutoka Rwanda kusaidia kuuzima moto. Maelfu ya wachuuzi walipoteza mali yao, na wengi wao hawakuwa na bima. Wengine walikuwa wamefanya biashara kwa mikopo ya benki, hivyo bidhaa ziliungua, deni likabaki. Athari zake zilifika hata katika mapato ya Serikali, maana soko lile lilikuwa moyo wa biashara ya nchi nzima.

Mwanafunzi wa kawaida ataambiwa kwamba kila mfanyabiashara anunue bima. Ni jibu sahihi na ni jibu fupi mno. Mchuuzi mmoja mwenye meza ya vitenge, kwa hesabu yake mwenyewe, hana sababu ya kununua bomba la kuzimia moto la soko zima, wala jirani yake, wala jirani wa jirani. Kila daftari ni sahihi na soko zima linaungua. Swali gumu, lifaalo kuwekwa katika mtihani, ni hili: chama cha wachuuzi kingechanga kiasi gani kwa siku kwa kila meza ili pawepo maji, walinzi wa usiku, nyaya salama na bima ya pamoja? Nani angeishika fedha hiyo, na nani angemkagua? Hapo ubunifu wa kijamii huacha kuwa maneno ya mkutanoni.

Mwaka mmoja baadaye, usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha na korongo la Gasenyi likafurika. Maji, matope na mawe viliteremka juu ya Kamenge, Kinama na mitaa mingine ya kaskazini mwa jiji. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha na maelfu wakakosa makazi. Vilima vilivyo juu ya Bujumbura ni vya mteremko mkali. Vikikosa miti na matuta, mvua haina mahali pa kupumzika hadi ifike mjini. Ongeza hapo mafuriko ya mto Rusizi yaliyoizamisha Gatumba mwaka 2020, na kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika katika miaka iliyofuata. Si mafuriko yote yatokanayo na makaa, na mwalimu mwaminifu atalisema hilo. Lakini makaa yamo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye moto wa aina nyingine, ule unaowashwa kila siku.

JIKO LA KAMBI

Zaidi ya asilimia 90 ya nishati itumikayo Burundi hutoka katika kuni, makaa na vitu kama hivyo. Umeme huwafikia watu wachache, takriban mmoja kwa kila kumi. Makaa nayo ni ulafi uliojificha. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kupata kilo 1 ya makaa huhitaji kilo 7 hadi 10 za kuni. Gunia moja linaloshushwa sokoni Ngagara ni sehemu ndogo tu ya mti uliokatwa; sehemu kubwa ilikwenda moshi huko huko kilimani.

Majeshi yetu yana historia yake katika jambo hili, historia ambayo wanafunzi wa biashara hawaijui. Mwaka 1977 Serikali iliunda ONATOUR, shirika la taifa la kuchimba mboji ya vinamasi, yaani ule udongo mweusi uliofanyika kwa majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao ukikatwa vipande na kukaushwa huwaka. Ilitumainiwa kwamba mboji hiyo itaokoa misitu. Raia mijini hawakuipenda, kwa sababu ya moshi na harufu, wakaendelea na makaa yao. Kwa miaka mingi wateja wakubwa wa shirika hilo wamekuwa kambi za jeshi na magereza.

Mtazame mpishi wa kambi, ndugu msomaji. Ni mtu asiyesifiwa hata siku moja, ila hulaumiwa kila siku. Maharagwe yake huchukua saa nyingi. Macho yake ni mekundu, kifua chake kinakohoa. Katika daftari la bohari imeandikwa mboji tani kadhaa, bei kadhaa, imepokelewa na sajini fulani. Kifua cha mpishi hakimo daftarini, wala siku zake za ugonjwa, wala kinamasi ambacho kikisha kukatwa hakijai tena katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Mboji iliokoa miti kadhaa, hapana ubishi. Lakini iliiokoa kwa kula akiba nyingine.

Sasa mpe kazi hii mwanafunzi wa mwaka wa tatu: punguza moto wa jiko hili kwa nusu bila kupunguza chakula, na hesabu yako ijilipie katika miaka mitatu.

Akiwa na busara ataanza na yasiyogharimu kitu. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi. Sufuria yenye kifuniko hula moto mdogo kuliko iliyo wazi. Mboji au kuni zilizokauka vizuri hutoa joto zaidi na moshi kidogo. Kisha atafika kwenye jiko lenyewe, na hapo hana budi kuifahamu habari ya Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya walilitazama jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha likawa lile jiko la bati nje na udongo wa kuchoma ndani ambalo limeenea sana mijini, na ambalo hupunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo ndio waliolitengeneza na kuliuza. Halikugawiwa bure. Fundi alipata faida, mama akaokoa fedha ya makaa, na mradi ulipokwisha jiko halikwisha, kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye chakula cha wanawe kilitegemea kuuza jingine kesho.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na shughuli zetu. Nchini Rwanda, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali ilijenga mitambo ya gesi katika magereza, ya kwanza ikifanya kazi Cyangugu mwaka 2001. Kinyesi cha wafungwa kilielekezwa katika matangi ya chini ya ardhi, kikaoza bila hewa, kikatoa gesi ya kupikia. Kuni za jikoni zilipungua takriban kwa nusu, maji machafu yakaacha kuteremkia majirani, na masalia yakawa mbolea ya bustani. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden huko Uingereza. Wapo wanaokunja pua wakisikia chanzo cha gesi hiyo. Moto wake ni wa buluu na hauna harufu.

Nasi hatukuwa nyuma. Katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Ujerumani, mitambo ya gesi ya samadi ilijengwa Cankuzo, na fundi wake ukaenea hadi kwenye shule na taasisi nyingine. Mitambo mingi haikuendelea kufanya kazi baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993. Ni rahisi kuvitwisha vita lawama yote, na sehemu kubwa ni yake. Hata hivyo mtambo wa namna hiyo unaweza kufa pasipo risasi. Unahitaji samadi kila siku, mtu wa kuikoroga, valvu ya kubadilishwa, fundi anayejulikana anakaa wapi, na fungu la fedha katika bajeti ya mwaka. Mfadhili hujenga, mkuu hukata utepe, picha hupigwa. Mwaka wa sita nani ananunua valvu?

Kwa maoni yangu swali hilo la mwaka wa sita lina thamani kuliko sura nzima za vitabu vya usimamizi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza apimwe kwa hilo. Kila kijana anaweza kubuni mradi wa kuzinduliwa. Apewe alama kwa kuonyesha nani ataurithi.

DAFTARI ZA VILIMANI

Kazi kwa wahitimu wa namna hiyo haikosekani. Serikali ilipoanzisha vyama vya ushirika vya Sangwe, mwaka 2019, ilikusudia kila kilima kiwe na chama chake, na ikatenga faranga milioni 10 kwa kila chama. Fedha ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mtu anayejua kuandika mbegu ngapi zimetoka, mavuno mangapi yameingia, nani hajarudisha, na anayeweza kuyasoma hayo mbele ya wanachama wasiojua kusoma, nao wakaelewa. Tanzania ililitambua hitaji hilo mapema; Wachagga walikuwa na muungano wao wa ushirika wa kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Huko, mwanafunzi wa hesabu hufundishwa tangu mwanzo kwamba mwenye mali aliye mbele yake ni watu mia tatu, si mmoja.

Polisi nao wanayo sehemu yao. Amri ya mwaka 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ilitoa muda wa miezi 18, ikaanza kutumika Februari 2020. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Polisi anaweza kuukamata mfuko. Hawezi kumpa mama muuza unga kitu cha kufungia unga. Kila mfuko uliokamatwa ni soko lililo wazi la karatasi, vikapu na nyuzi za migomba, na ingependeza kuona darasa moja la wanafunzi likikaa wiki nzima sokoni likiuliza bei ambayo mama huyo angekubali kulipa.

Pia wapo askari waliorudi Somalia. Tangu Desemba 2007 vikosi vya Burundi vilitumikia huko chini ya Umoja wa Afrika kwa karibu miaka 17, na wengi walirudi na akiba ambayo baba zao hawakuwahi kuishika. Wengine walijenga, wengine wakanunua gari la abiria, wengine wakamkopesha shemeji. Nchi ina vijana wenye elimu ya mtaji wasio na mtaji, na ina askari wenye mtaji wasio na mtu wa kuwahesabia. Kuwakutanisha hakuhitaji mfadhili.

PINGAMIZI LA AFISA

Nimewahi kusikia, kila wazo la kuwaleta wanafunzi kambini litajwapo, pingamizi moja la haki kabisa. Daftari la jiko ni siri. Anayejua kilo za maharagwe zipikwazo kwa siku anaweza kugawanya na kujua idadi ya askari. Adui hahitaji jasusi ikiwa ana mwanafunzi mwenye kalamu.

Pingamizi hilo lina jibu. Mwanafunzi hahitaji kujua idadi ya sufuria wala idadi ya midomo. Anahitaji sufuria moja. Apime maharagwe kilo 20, apime mboji kabla na baada, aandike saa ya kuwasha na saa ya kuiva. Kesho yake arudie kwa maharagwe yaliyolowekwa. Keshokutwa kwa kifuniko. Wiki ya pili kwa jiko lililozungushiwa udongo. Hesabu yake iandikwe kwa kilo moja ya maharagwe, basi. Jumla atapiga mkuu wa bohari mwenyewe, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Vifaa vitakavyohitajika ni mizani, saa na daftari. Ruhusa ni ya kamanda wa kambi. Mambo mengine yote, tangu upande ambao upepo huingilia jikoni hadi aina ya maharagwe yanayokataa kuiva, mpishi anayajua, na hajawahi kuulizwa.